MCHAGUA BLEDI NDIYE FUNDI

Wazee wetu walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya hekima, nao waliyasema kumkemea mvivu ambaye kila akiitwa shambani hutafuta ila katika mpini. Lakini kila mithali ina mahali pake. Katika useremala wa siku hizi, ambapo msumeno wa duara unaozungushwa kwa umeme umeshika mahali pa msumeno wa mkono katika karakana nyingi, sisi twathubutu kusema kinyume chake: asiyechagua bledi si fundi, na huenda siku moja akarejea nyumbani akiwa amepungukiwa na vidole.

Bledi ni lile bamba la duara lenye meno linalofungwa katika mashine. Twaandika habari zake tukiwakusudia hasa ndugu zetu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako kijana akitoka nyumbani asubuhi huona pande zote kazi za mbao: boti zinaundwa na kutengenezwa ufukoni, vitanda na milango inachongwa kando ya barabara, na nyumba mpya zinaezekwa. Wazazi wengi huwapeleka vijana wao kujifunza kazi hizi, na hilo ni jambo jema.

Huenda msomaji akauliza: gazeti la dini lina shughuli gani na meno ya msumeno? Twamjibu kwamba useremala ni kazi iliyofanywa na Mitume. Mtume wetu (S.A.W.) ametupasha habari kuwa Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Nabii Nuhu (A.S.) aliunda jahazi kwa amri ya Mola wake, hali watu wa kaumu yake wakipita na kumdhihaki, kama isimuliwavyo katika Sura Hud, na Sura ya Qamar yaitaja jahazi hiyo kuwa ni ya mbao na misumari. Hata mimbari ya Mtume (S.A.W.) katika msikiti wa Madina iliundwa na seremala, kwa mbao za msitu wa Ghaba. Basi kazi hii ina heshima, na chenye heshima hakifanywi ovyo. Imepokewa pia kuwa Mwenyezi Mungu humpenda mja ambaye akifanya kazi huifanya kwa ukamilifu. Na ukamilifu wa seremala huanzia katika kuchagua kitu kitakachokata.

KUPASUA SI KUKATA

Lugha yetu imetutangulia katika elimu hii. Kiswahili husema kupasua mbao pale msumeno unapofuata urefu wa nyuzi za mti, na husema kukata pale unapozipita nyuzi hizo kwa upana. Wapasuaji wa magogo, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, walijua tangu zamani kwamba msumeno wa kupasulia haufanani na wa kukatia. Jino la kupasulia ni mfano wa patasi: ncha yake ni bapa, nalo huchimba likifuata nyuzi. Jino la kukatia ni mfano wa kisu: ncha yake imechongwa kwa mshazari, nalo huzikata nyuzi kwanza kabla ya kuziondoa.

Umeme haukubadili kanuni hiyo hata kidogo. Bledi ya kupasulia ina meno machache, na katikati ya jino na jino pana nafasi kubwa ya kubebea takataka za mbao. Bledi ya kukatia ina meno mengi yaliyokaribiana. Kwa mashine ya mezani yenye bledi ya kipenyo cha milimita 250 hivi, meno 24 hufaa kupasulia, meno 60 mpaka 80 hufaa kukatia, na meno 40 mpaka 50 hufaa kwa kazi ya mchanganyiko. Kwa msumeno wa kushika mkononi wenye bledi ya milimita 185 au 190, meno 18 mpaka 24 ni ya kupasulia, na meno 40 ni ya kukatia kwa unadhifu.

Mwenye kupasua kwa bledi ya meno mengi ataona takataka zikikosa pa kutokea; bledi itapata joto, itayumba, mbao itaungua na kuwa nyeusi, na fundi ataanza kusukuma kwa nguvu. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza. Na mwenye kukata kwa bledi ya meno machache atapata ncha iliyochanika kama ufagio, kisha atapoteza saa nzima akiipiga msasa. Kanuni fupi ya kukumbuka ni hii: ukitaka wepesi katika urefu wa nyuzi, punguza meno, ukitaka unadhifu katika upana wake, ongeza meno.

Tena yafaa kutazama ncha za meno. Katika bledi nyingi za siku hizi bamba ni la chuma cha kawaida, lakini kila jino limeungwa kipande cha kabaidi, ambacho ni kigumu zaidi na hukaa na makali kwa muda mrefu. Kabaidi hainolewi kwa tupa. Yataka jiwe la almasi na mtu ajuaye kazi hiyo. Aliyezoea kunoa msumeno wa mkono kwa tupa asijaribu hapa, asije akaharibu alichonunua kwa jasho lake.

MBAO ZETU NA TABIA ZAKE

Kila mti una tabia yake. Mninga, ambao mafundi wa Tanzania huupenda kwa samani, hukatika vizuri na kung'aa ukipigwa randa. Lakini vumbi lake huwasha pua na kifua, na kwa hivyo fundi hana budi kufunika pua na mdomo. Mvule, mti uliosifiwa kwa kuvumilia maji na wadudu, mara nyingine huficha ndani yake vijiwe vya chokaa vilivyoganda. Jino dogo jembamba likikutana na kijiwe huvunjika. Kwa hivyo mvule hupasuliwa kwa bledi imara ya kabaidi yenye meno machache, nayo huendeshwa pole pole. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, una chembe kama za mchanga ndani yake, nazo hula makali upesi. Msumeno wa chuma kitupu hautaumudu kwa muda mrefu.

Msonobari, kama ule utokao katika mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, ni laini na humdanganya fundi kwa ulaini wake. Utomvu wake huganda ubavuni mwa bledi, nayo hunenepa, husuguana na mbao na kupata joto. Wengi hudhani kuwa bledi imekufa wakaitupa, kumbe ni chafu tu. Ivuliwe, ilowekwe katika maji ya moto yenye sabuni, isuguliwe kwa burashi, ikaushwe na kupakwa mafuta kidogo. Aghalabu hurudi kufanya kazi kama mpya.

Mbao mbichi ni jambo jingine. Nyuzi zake zimejaa maji, nazo huvimba na kuibana bledi njiani. Hiyo yataka bledi ya meno machache inayokata njia pana kidogo. Ama mbao kuukuu, ambazo ufukoni kwetu hupatikana kwa kubomoa vyombo vilivyochakaa, hizo zina misumari iliyomezwa na kutu isionekane kwa macho. Zipapaswe, zikwanguliwe, na kila msumari ung'olewe kabla ya mashine kuwashwa. Jino la kabaidi likigonga msumari hukatika na kuruka kama risasi, na jicho halina kipuri.

Twapenda kuwakumbusha hasa waundaji wa boti. Ukingo wa ubao wa chombo si kama ukingo wa ubao wa meza. Ukipasuliwa kwa bledi iliyoyumba, ukawa na mawimbi na machaniko, kalafati haitashika sawasawa. Na mahali kalafati isiposhika maji hupata njia. Mvuvi atokaye jioni na taa zake kwenda kutega dagaa hajui ni bledi gani iliyopasua mbao zinazombeba, amemwamini fundi. Hiyo ndiyo amana, na kina cha Ziwa Tanganyika, ambacho hupita mita 1,400, hakimsamehe aliyeaminishwa kitu kibovu.

MBAO ZA KIWANDANI, CHUMA NA VIGAE

Plaiwudi na mbao nyingine za kiwandani zimejaa gundi, na gundi ngumu hulemaza makali. Tena uso wake ni mwembamba na hupasuka upesi. Hizi zataka bledi ya meno mengi, 60 au zaidi. Na jambo moja dogo laweza kumwokolea fundi mali nyingi: meno ya msumeno wa kushika mkononi hukata yakipanda kutoka chini kwenda juu, kwa hivyo uso mzuri wa ubao ulazwe chini, ama meno ya mashine ya mezani hushuka, kwa hivyo uso mzuri utazame juu.

Alumini ya madirisha hukatwa kwa bledi yake maalumu, yenye meno mengi ya kabaidi yaliyolazwa nyuma kidogo ili yasimeze chuma kwa pupa. Bledi ya kupasulia mbao ikiingizwa katika alumini huikamata na kuitupa. Chuma cha pua na nondo huachiwa diski za kusaga au bledi zilizotengenezwa kwa chuma na mashine yenye mwendo mdogo. Vigae hukatwa kwa diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo, pamoja na maji ya kuipoza na kuua vumbi. Na zege hukatwa kwa diski ya almasi yenye mapengo ukingoni. Ama mabati ya zamani ya asibestosi yasikatwe kwa mashine yoyote, kwa kuwa vumbi lake likiingia kifuani huleta maradhi yasiyopona.

Kigoma yenyewe ina ushahidi kuwa kila kitu kina chombo chake. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kuja Kigoma, na hapa ikaunganishwa kwa ribiti na kushushwa ziwani mwaka 1915. Jirani yake ufukoni yalikuwapo mashua na mitumbwi iliyochongwa kwa shoka na tezo. Vyote viwili vilielea juu ya maji yale yale, lakini hapana aliyechonga chuma kwa tezo, wala aliyepigilia ribiti katika mtumbwi.

HESABU YA UNENE

Wengi hutazama bei ya bledi wakasahau unene wa njia inayokata. Na tufanye hesabu ndogo. Una ubao wa upana wa milimita 300, nawe wataka kuupasua upate fito za milimita 25. Bledi ikatayo njia ya milimita 3 itakupa fito 10. Bledi ikatayo njia ya milimita 2 itakupa fito 11. Fito moja nzima imegeuka unga na kufagiliwa! Katika mbao 10 umepoteza fito 10, na mti ulioota kwa miaka mingi umemwagwa chini ya meza. Dini yetu yatukataza israfu hata katika maji ya udhu, sembuse mali ya mteja na miti ya nchi. Lakini bledi nyembamba haifai kila mahali: katika mbao nene, ngumu au mbichi hupinda na kupotoka. Huko tumia nene bila kinyongo.

GRENDA SI MSUMENO

Sasa twafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Iko desturi mbaya ya kuvua kofia ya grenda na kufunga ndani yake bledi ya meno ya kukatia mbao, ati kwa sababu grenda ni rahisi na ni nyepesi. Ndugu zetu, hayo ni kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe, jambo ambalo Kurani tukufu imetukataza.

Sikilizeni sababu. Msumeno wa mkononi wenye bledi ya milimita 185 huzunguka mara 5,500 hivi kwa dakika, na ncha ya jino lake husafiri kwa mwendo wa kilomita 190 kwa saa. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, yaani maradufu. Bledi nyingi za mbao hazikuundwa kwa mwendo huo. Juu ya kila bledi imeandikwa idadi ya mizunguko isiyopaswa kupitwa. Tena msumeno una bamba la kukalia juu ya ubao na kofia inayojifunga yenyewe, ama grenda haina hata kimoja cha hivyo kwa kazi ya mbao. Jino likinasa, mashine nzima huruka na kumrudia aliyeishika, kifuani, usoni au mapajani, kabla hajapata nafasi ya kuiachia.

Kwa hivyo kabla ya kufunga bledi yoyote, fundi na atazame mambo haya. Kwanza, waya wa umeme uwe umechomolewa. Pili, mizunguko iliyoandikwa juu ya bledi isiwe pungufu ya ile ya mashine. Tatu, tundu la katikati lienee sawasawa katika mhimili. Tundu kubwa lisijazwe kwa karatasi wala kipande cha bati. Nne, mshale wa bledi uelekee upande mmoja na mshale wa mashine. Tano, pasiwe na ufa wala jino lililong'oka. Sita, bledi itokeze kidogo tu kupita unene wa ubao, kiasi cha kimo cha jino. Na kofia ya kinga isifungwe kwa kamba wala kuondolewa, wala kile kisu cha nyuma kinachozuia ubao usiibane bledi.

Fundi atokaye msikitini baada ya Adhuhuri na avue kanzu yake kabla ya kuisogelea mashine, na mikono ya shati iwe mifupi au imefungwa; glavu nazo zisivaliwe, kwani nguo ikinaswa huuvuta mkono. Adhana ikisikika, mashine izimwe na waya uchomolewe, isiachwe mikononi mwa watoto. Na katika mwezi wa Ramadhani kazi nzito ya kupasua ifanywe asubuhi, mwili ungali na nguvu, badala ya saa ya kungoja magharibi.

NENO KWA WENYE KARAKANA NA KWA WAZAZI

Wewe mwenye karakana, kijana aliye mbele ya mashine yako ni amana ya wazazi wake. Ukimpa bledi butu kwa sababu mpya yagharimu fedha, umenunua faida yako kwa mwili wake. Mtume (S.A.W.) ameweka kanuni kuwa pasiwe na kudhuru wala kudhuriana. Na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) aliwatoza mafundi dhamana ya mali za watu zilizoharibika mikononi mwao. Ikiwa ubao wa mteja una dhamana, vipi mkono wa mwana wa mtu?

Nanyi wazazi, msione haya kuuliza. Mtakapompeleka mwana kwa fundi, ingieni karakanani mkatazame: je, bledi zimetundikwa ukutani kila moja kwa kazi yake, au iko moja tu ifanyayo kila kitu? Je, kofia ya mashine ipo? Je, fundi mwenyewe ana vidole vyake vyote, na kama hana, je, amejifunza? Jueni pia kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 18 mahali pa kazi penye hatari, hata kama si pahali rasmi. Mtoto na aanze kwa kupima, kupiga randa na kutambua miti. Mashine atakutana nayo akikomaa. Na mwenye uwezo na ampeleke katika chuo cha VETA, hapo Kigoma kipo, akajifunze kwa taratibu.

Vijana wetu, msidanganyike kuwa uhodari ni kukata chochote kwa chochote. Hodari ni yule ambaye, akipewa ubao, huugeuza kwanza mkononi, akautazama nyuzi zake, akauliza umetoka mti gani, kisha akaiendea bledi yake. Dakika 2 za kubadili bledi hazijamfukarisha mtu. Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yenu, azihifadhi na viungo vyenu, na awajaalie riziki ya halali itokayo katika kazi iliyokamilika. Amin.